Imamu hajui ni nani aliyeiba pikipiki

Naandika nimekereka, mnivumilie. Kila nikipewa kesi ya jinai hapa Mombasa, kabla sijasoma hata karatasi ya mashtaka, familia imeshanipangia mashahidi: imamu wa msikiti, mwalimu wa madrasa, mzee wa nyumba kumi, na shangazi mmoja ambaye hakosekani. "Wakili, mtoto huyu twamjua. Swala tano, safu ya kwanza. Waite hawa, kesi yaisha."

Haiishi. Mara nyingine ndipo inapoanza.

Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinamruhusu mshtakiwa kuonyesha kuwa ana tabia njema. Cha 57 kinamfunga mdomo mwendesha mashtaka: asitaje makosa ya zamani, hukumu za zamani wala kesi nyingine, na asiseme kuwa mshtakiwa ni mtu mbaya. Mnaouliza kwa hasira "mbona korti inafichwa kuwa huyu ni mwizi sugu?", jibu ni kwamba inafichwa makusudi. Kijana ameshtakiwa kwa pikipiki ya Jumanne, si kwa maisha yake yote.

Kinga hiyo ina masharti, na la kwanza ndilo linalonichosha. Ukileta sifa zako, au wakili wako akimuuliza shahidi wa serikali maswali ya kukusafisha ("Afande, si kweli kwamba kijana huyu hajawahi kuwa na taabu na mtu?"), kinga imekwenda. Mwendesha mashtaka sasa anaweza kuleta lile faili la kesi yako ya zamani kule Kisauni ambalo mamako hakulijua. Ukimkaribisha mgeni sebuleni usishangae akiuliza choo kiko wapi.

Tuseme faili halipo. Imamu atasema nini? Kifungu cha 58 kinataka sifa za jumla na mwenendo wa jumla, si visa. Kile kisa kitamu cha pochi iliyookotwa kwenye feri ya Likoni ikarudishwa kwa mwenyewe na senti zake zote hakina nafasi. Linabaki "namjua, ni kijana mzuri". Hakimu ataandika, atageuza ukurasa. Sikatai kwamba sifa husaidia pale kesi inapokuwa neno la karani dhidi ya neno la mwajiri wake, hakuna la ziada. Lakini mbele ya shahidi aliyemwona kijana akiisukuma pikipiki saa nane usiku, imamu amepoteza asubuhi yake bure.

Sharti jingine ni gumu zaidi. Kinga huondoka pia ikiwa utetezi wako unamchafua mlalamishi au shahidi wa serikali. Sasa fikirieni kesi za bangi na unga mjini humu. Utetezi tunaousikia kila siku ni upi? "Mheshimiwa, vitu hivyo niliwekewa na askari." Kumwita askari mwongo si neno, mahakama za Uingereza, ambako kanuni hii ina asili yake katika sheria yao ya 1898, zilikubali zamani kuwa huko ni kukana kwa ukali tu. Kusema amekupachikia bangi ni habari nyingine, maana unamtuhumu naye kwa jinai. Basi mtu aliyewekewa kweli, na ana rekodi, afanyeje? Akinyamaza atafungwa. Akisema, rekodi yaweza kuletwa. Sheria inamwachia hakimu uwezo wa kuizuia iwapo itamdhuru mshtakiwa kiasi cha kuharibu haki ya kesi, lakini huwezi kujua mapema hakimu ataamua vipi. Waingereza wenyewe waliufumua mpango huo kwa sheria ya 2003. Sisi bado tunao. Kwa mteja wa namna hii sina jibu zuri. Namweleza hatari, anachagua mwenyewe, nami naomba mwendesha mashtaka awe na haraka zake siku hiyo.

Kumshuhudia vibaya mshtakiwa mwenzako nako huondoa kinga. Na yapo makosa ya zamani yanayoingia yenyewe, kwa vifungu vya 14 na 15, kwa kuwa yanathibitisha kosa lililo mbele ya korti. Kesi ya Makin ya New South Wales, iliyoamuliwa 1893, ndiyo tunayosomeshwa sote: mtoto mmoja kufa yaweza kuwa ajali, lakini miili ya wachanga ikifukuliwa katika ua wa nyumba kadhaa ulizowahi kukaa, ajali gani hiyo?

Kuna jambo linalonisumbua. Katika kusikiliza ombi la bondi, yaani dhamana, kifungu cha 123A cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinataka hakimu aangalie tabia ya mshtakiwa, historia yake na watu anaoandamana nao. Kwetu hakuna baraza la raia la kuamua nani ana hatia. Hakimu yuleyule aliyesoma hayo aweza kuwa ndiye atakayeamua kama umeiba. Tunaambiwa amefunzwa kuyasahau. Labda. Mimi nimefunzwa mambo mengi pia.

Kwa hiyo imamu namtaka, ila siku mbili: siku ya bondi, na siku ya kujitetea baada ya hukumu, kabla adhabu haijatolewa. Hapo rekodi huja hata hivyo, na maneno yake yana uzito. Kwa kesi yenyewe niletee aliyekuwa na kijana saa nane usiku, au daftari la bawabu. Shangazi naye aje na simu yake. Kama alitumiwa M-Pesa na kijana saa ile, ujumbe asiufute.