Rangi Haigusi Mstari: Dhana Potofu za Kupaka Rangi Ramani kwa Leya

Mteja alinipigia saa mbili usiku. Paa la bati jekundu halitaki tena, mke wake kachagua kijani. Kwake ilikuwa kazi ya dakika moja, na ingekuwa hivyo kweli kama nisingekuwa nimepaka paa, kuta, vivuli na miti ya ramani ya nyumba yake vyote juu ya mchoro mmoja uleule. Nililala alfajiri. Tangu siku ile mistari ya ramani ina leya yake, yaani tabaka lake, peke yake na rangi haiigusi. Nikisikiliza wanaoanza kazi hii kwa programu za picha kama Photoshop, GIMP au Krita, naona makosa yao mengi yanaanzia hapohapo.

“Leya nazijua, nimetumia AutoCAD.”

Jina moja, tabia mbili. Kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani zenyewe, leya ni kama lebo: kuta zina lebo yao, milango yake, vipimo vyake. Ukizima lebo, vitu vyake vinafichika, lakini mpangilio wa majina kwenye orodha hausemi kipi kinafunika kipi. Kwenye programu za picha, orodha ndiyo rundo lenyewe. Cha juu kinafunika cha chini, kama karatasi zilizopangwa mezani moja juu ya nyingine. Ukiweka leya ya rangi juu ya mistari ukaijaza, umeifukia ramani.

“Lazima ufute weupe wa karatasi kwanza.”

Hii ndiyo inayokula muda wa watu. Mtu anashika kifimbo cha kuchagulia, anabofya weupe, anafuta, chumba baada ya chumba. Mwisho kila mstari umebaki na ukoko mweupe pembeni, naye anaanza kuusugua kwa kifutio.

Iache karatasi ilivyo. Weka leya ya mistari juu kabisa, ibadilishe hali yake iwe maltiplai, yaani kuzidisha, kisha paka kwenye leya za chini yake. Hesabu yake ni nyepesi. Mwanga wa pikseli, yaani kila kidoa kidogo kinachounda picha, hupimwa kuanzia 0, ambayo ni nyeusi, hadi 255, ambayo ni nyeupe. Programu inazidisha namba ya juu kwa namba ya chini, halafu inagawa kwa 255. Weupe juu ya rangi yenye 200 unatoa 255 × 200 ÷ 255, yaani 200 ileile. Karatasi imekuwa kama haipo. Weusi unatoa 0, mstari umebaki mweusi. Kijivu cha ukingoni, tuseme 128, kinatoa kama 100: rangi ileile, ila imeingia giza karibu nusu. Kijivu hicho ndicho kinachoufanya mstari wa mshazari uonekane laini, na kifimbo hakina namna nzuri ya kukishughulikia. Ama kinakikata, ama kinakiacha kama ukoko.

Ila weupe lazima uwe weupe kweli. Mchoro wa mkono uliopigwa picha kwa simu una karatasi ya manjano au kijivu, nayo itazidishwa pia na kuichafua ramani nzima. Ng’arisha weupe kwanza, ndipo uende kwenye rangi.

“Ndoo imeharibika, rangi inamwagika hovyo.”

Ndoo, kile kifaa cha kujaza rangi eneo zima kwa kubofya mara moja, ni nzima. Ramani ya nyumba ina milango, na mlango kwenye mchoro ni uwazi: unamwaga rangi chumbani, inapita koridoni, inaingia sebuleni, inatoka barazani hadi nje ya kiwanja. Mimi hutengeneza leya ya vizibo, mistari mifupi ya kuziba milango na pengo lolote, kisha naizima kazi ikiisha. Iambie ndoo isome leya zote lakini imwage kwenye leya ya rangi tu. Ukitumia kifimbo, panua eneo ulilochagua kwa pikseli 1 au 2 kabla ya kujaza, ili rangi iingie chini ya mstari kama mkeka unavyopita chini ya miguu ya kitanda.

“Kivuli ni brashi nyeusi.”

Weusi mtupu unaua rangi. Tumia kijivu chenye ubluu kidogo, kwenye leya moja ya vivuli vyote, nayo iwe maltiplai. Kikizidi, punguza nguvu ya leya nzima mara moja. Halafu kumbuka jua. Mazoea ya wachoraji ni mwanga kutoka juu kushoto kwa nyuzi 45, na kama mazoea hayana ubaya. Lakini ukimwambia mteja wa Dar es Salaam kwamba hivi ndivyo nyumba itakavyoonekana Juni saa sita mchana, jua wakati huo liko kaskazini. Ukuta wa kusini uliong’aa kwa jua ni uongo.

“Nitaikuza mwishoni.”

Karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961. Hapo mstari wa milimita 0.13 unapata kama pikseli moja na nusu. Kwa nukta 72 haufikishi hata nusu pikseli. Unageuka ukungu, na kuikuza picha baadaye kunakupa ukungu mkubwa zaidi. Amua ukubwa siku unapoingiza mchoro.

“Nimeshahifadhi, iko JPEG.”

JPEG haina leya. Hiyo ni ya kumtumia mteja WhatsApp. Faili la kazi libaki kwenye muundo unaotunza leya: PSD ya Photoshop, XCF ya GIMP au KRA ya Krita.

“Rangi ya skrini ndiyo itakayochapwa.”

Skrini inatoa mwanga, karatasi inapokea wino. Kijani kikali cha nyasi kinachowaka kwenye kompyuta hutoka kimefifia. Kabla ya kuchapa nakala zote za A3 pale steshenari, kata kipande kidogo chenye paa, ukuta na nyasi, kichapwe kwenye mashine ileile na karatasi ileile.