Mteja wa miguu ni nani, na kwa nini muuza duka amhesabu?

Mteja wa miguu ni yeyote anayefika mlangoni pa duka akitembea, hata kama sehemu kubwa ya safari yake ilikuwa ndani ya gari. Aliyeshuka daladala ya Mikindani akamalizia kwa hatua chache kuelekea Soko Kuu la Mtwara yumo. Mama aliyetoka nyumba ya tatu kufuata vitunguu yumo pia. Asiyekuwamo ni yule anayeegesha mbele ya duka moja, ananunua, anawasha gari na kuondoka.

Tofauti yao iko katika kipande kifupi kati ya kituo na duka. Aliyeshuka kituoni anapita mbele ya meza ya ming'oko (viazi vya porini), genge la nyanya, wakala wa miamala, fundi viatu, machinga mwenye soksi begani. Alikuja kununua dagaa tu, lakini anarudi na dagaa, ndimu na vocha. Hela yake imegusa mikono mitatu. Ya mwenye gari imegusa mmoja, tena mara nyingi mkono wa duka kubwa kuliko yote mtaani, kwa kuwa ndilo lenye nafasi ya kuegesha. Na nafasi hiyo si ndogo: gari moja dogo linataka karibu mita 2.5 kwa 5, eneo la kupanga meza kadhaa za mboga.

Wenye maduka wengi humpima mteja kwa anachoacha siku moja. Tuseme mwenye gari anaacha shilingi 40,000 mara moja kwa mwezi, na jirani wa miguu anaacha 4,000 mara tatu kwa wiki. Kwa wiki nne huyu wa pili ameacha 48,000, na hakuna aliyemwita bosi.

Kukisia vibaya namna hii si kwetu tu. Katika mji wa Bristol, Uingereza, utafiti wa mwaka 2006 uliwauliza wenye maduka wateja wao wanafikaje. Walikisia kwamba asilimia 41 huja kwa gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, ilikuwa asilimia 22. Utafiti mwingine, wa Portland nchini Marekani, uliona kuwa mwenye gari huacha hela nyingi zaidi kwa safari moja, hasa kwenye supamaketi, lakini kwenye migahawa, baa na maduka madogo wasiotumia gari ndio walioacha zaidi kwa mwezi, kwa sababu hurudi mara nyingi.

Hapo ndipo dhana yenyewe inapopata mpaka. Muuza simenti hana haja ya kusikia habari za mteja wa miguu. Mfuko wa kilo 50 haubebwi mkononi hadi Chikongola. Hata hivyo, msimu wa korosho, mkulima wa Tandahimba akishalipwa, mabati yake husafiri juu ya keria ya basi alilojia. Usafiri wa umma nao hubeba mzigo, ila kwa mapatano na konda.

Mtu atasema hizi ni hesabu za Wazungu, maana huku wenye magari ni wachache. Sikubaliani. Huku gari limekuja kwa sura ya bajaji. Bajaji ya kukodi inakuchukua mlangoni Shangani, inakusubiri mbele ya duka, inakurudisha mlangoni. Kwa genge la kando ya kituo, wewe na mwenye Prado ni wamoja. Bodaboda wa kutumwa amezidi hapo: mteja anapiga simu, anatuma hela, mzigo unamfuata, na yeye haonekani sokoni kabisa. Duka lililopigiwa simu limeuza. Majirani zake hawakuuza hata pipi.

Jambo jingine husahaulika: usafiri mzuri unaweza pia kumhamisha mteja wa miguu. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina kilomita 210, na kipande cha Mtwara hadi Mnivata kina lami tayari. Njia ikiwa nyepesi, aliyekuwa ananunua kanga kwenye duka la kijijini anapanda Coaster na kwenda kuchagua mjini. Muuza kanga wa kijijini hatafurahia lami kama wa mjini, na ana haki.

Ukitaka kujua wako ni wateja gani, weka daftari kaunta na umuulize kila anayelipa, "Umekujaje leo?" Andika jibu na kiasi alicholipa, kwa wiki nzima, siku za mvua na za jua. Usiishie Novemba, fedha za korosho zikiwa bado mifukoni, maana wakati huo hata asiyekuwa na kawaida ya kukodi bajaji anakodi. Rudia Aprili.