Upeo wa mkono: kwa nini swichi na vitufe vya nyumbani vina kimo chake

Upeo wa mkono ni eneo lote ambalo mtu analifikia kwa mkono akiwa mahali pake, bila kupanda juu ya kitu, bila kupiga magoti na bila kumwita mtu amsaidie. Una mpaka wa juu, mpaka wa chini na mpaka wa mbele, yaani umbali ambao mkono unakwenda kabla mwili haujaanza kuinama na kupoteza mizani. Kila mtu ana upeo wake. Aliye na mita 1.85 hafiki sawa na aliye na mita 1.50, na mtu yuleyule akiketi hafiki alikofika akiwa amesimama.

Wabunifu wa nyumba na vifaa hutafuta ukanda ambao watu hawa wote wanaufikia. Ukanda huo upo, na umeshapimwa. Viwango vya ufikivu vya Marekani vya mwaka 2010, vinavyohusu majengo ya umma na ya biashara, vinataka kitu cha kubonyeza au kuzungusha kisizidi sentimita 122 kutoka sakafuni na kisishuke chini ya sentimita 38. Uingereza, kwa nyumba mpya za kuishi, mwongozo wa ujenzi unaweka swichi na soketi kati ya sentimita 45 na 120. Vipimo hivi viwili vinakaribiana kwa sababu vimetokana na miili: mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, bibi ambaye bega lake halipandi tena, mtoto wa darasa la tatu, kijana mrefu ambaye mgongo unamuuma akiinama. Ukitaka namba ya kukaa kichwani, chukua sentimita 40 hadi 120.

Kile kikomo cha juu kina historia yake. Viwango vya kwanza vya Marekani, vya mwaka 1991, viliruhusu kitu kinachofikiwa kwa ubavu, yaani mkono ukinyooshwa kando ya mwili, kiwekwe hadi sentimita 137. Aliyefikiriwa hapo ni mtu mzima kwenye kiti cha magurudumu mwenye mikono ya urefu wa kawaida. Waliosema kipimo hicho kinawaacha nje ni watu wa kimo kifupi, kupitia Little People of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1957 na mwigizaji Billy Barty. Hawa walikuwa wanasimama kwa miguu yao mbele ya mashine na bado hawafiki. Akondroplasia, ambayo ndiyo chanzo cha kawaida zaidi cha kimo kifupi sana, hufupisha mikono na miguu kuliko kiwiliwili, kwa hiyo anayeishi nayo hupungukiwa mara mbili, kimo na mkono. Kikomo kikashushwa hadi 122. Ni sentimita 15 tu, lakini ndizo zilizoamua nani atabonyeza mwenyewe na nani atasubiri mtu apite.

Katika fani ya kupima mwili kwa ajili ya vifaa kuna kanuni moja ambayo kila fundi angefaa kuijua. Kitu cha kufikiwa hupimwa kwa mtu mfupi. Nafasi ya kupita hupimwa kwa mtu mrefu. Mlango uwe wa kumtosha mrefu zaidi, swichi iwe ya kufikiwa na mfupi zaidi. Anayepima kila kitu kwa mtu wa wastani huishia kuwaumiza wote wawili, kwani wa wastani angepita na angefika hata hivyo.

Kina nacho kina hesabu yake, na hapa ndipo jiko nyingi nzuri zinapokosewa. Soketi ya birika ikiwa ukutani nyuma ya kaunta, mkono lazima uvuke kaunta nzima kabla ya kuigusa, na kadiri unavyonyooka mbele ndivyo unavyopungukiwa kwenda juu. Viwango vile vya Marekani vinasema hivi: kwa aliyeketi akiwa amepenyeza magoti chini ya kaunta, kizuizi kikiwa na kina cha hadi sentimita 51, kikomo cha juu kinabaki 122, kikizidi hapo hadi sentimita 64, kinashuka kuwa 112. Kaunta nyingi za kisasa zina kina cha kama sentimita 60. Kwa hiyo soketi iliyowekwa sentimita 120 kutoka sakafuni, nyuma ya kaunta ya namna hiyo, inaonekana imetimiza kipimo, na haikutimiza.

Kisha kuna nguvu na mshiko. Kitu kinaweza kuwa kwenye kimo sahihi na bado kikamshinda mtu, kwa sababu kinataka kufinywa kwa vidole viwili au kuzungushwa kwa kifundo cha mkono. Kipimo cha Marekani ni kwamba kitu kifanye kazi kwa mkono mmoja, bila kubana sana, bila kufinya, bila kupindua kifundo cha mkono, na kwa nguvu isiyozidi nyutoni 22, karibu na uzito wa kilo mbili na robo. Mkono ulionyooshwa hadi mwisho wake hauna nguvu ya mkono uliokunjwa kidogo, ndiyo maana kitasa kigumu kilicho juu ni kigumu mara mbili.

Macho pia hufika au hayafiki. Kioo cha namba kilichoelekezwa kwa mtu aliyesimama humfifia anayekitazama kutoka chini. Vioo vya bei nafuu hupoteza maandishi kabisa ukivitazama kwa mshazari. Mashine ya kufulia yenye maandishi kwenye uso wake wa juu uliolala haisomeki na aliyeketi. Kuona ulichobonyeza ni sehemu ya kufikia.

Sasa tuje nyumbani. Mfano ulio wazi kuliko yote kwetu ni mita ya umeme wa kulipia kabla, LUKU kwa Watanzania na mita ya tokeni kwa Wakenya. Tokeni ina tarakimu 20, na kila moja lazima ibonyezwe. Mita za zamani zina vitufe vyake palepale kwenye mita, na mita hiyo ilifungwa ukutani kwa kimo alichokuja nacho fundi siku hiyo, au juu zaidi ili watoto wasiichezee. Mama mwenye kimo kifupi huweka kigoda, hupanda, hushika simu kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine, mara nyingi usiku, kwa sababu umeme huisha wakati unatumika. Aliye kwenye kiti cha magurudumu hana hata hicho kigoda cha kupanda. Nyumba imelipiwa, umeme umelipiwa, na yeye anakaa gizani mpaka jirani arudi.

Mwaka 2024 jambo hili lilijitokeza wazi zaidi. Mita za mfumo huu, duniani kote, zilipaswa kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa sababu hesabu ya muda inayotumika kutengeneza tokeni ilikuwa inafika ukomo. Wateja walipewa makundi mawili ya tarakimu 20 ya kuingiza kwanza, kisha tokeni yao ya kawaida. Jumla ni tarakimu 60. Kwa aliyesimama mbele ya mita iliyo usawa wa kifua chake, ni kazi ya dakika chache. Kwa aliye juu ya kigoda amenyoosha shingo, ni zoezi la hatari.

Na suluhisho limekwishapatikana ndani ya mfumo huohuo: mita iliyogawanywa. Mita yenyewe inabaki kwenye nguzo au nje ya nyumba, na kifaa kidogo chenye vitufe na kioo, ambacho wengi wanakiita rimoti, kinakaa ndani. Kilibuniwa zaidi kuzuia watu kuchezea mita, lakini kimemfikisha kwenye umeme wake mtu ambaye hakuwa akifika. Mwenye nyumba anayefungiwa mita ya namna hii na bado akakipigilia kifaa kile ukutani juu ya mlango ameipoteza faida yake yote.

Jikoni, nadhani tulipoteza kitu bila kukitaja. Jiko la mkaa hukaa sakafuni, na mpishi huketi kwenye kigoda. Kibao cha mbuzi hukaliwa. Kinu kidogo, ungo, sufuria, vyote huwa kuzunguka miguu ya aliyeketi. Moshi wake unaua na sitetei mkaa, lakini mtu asiyeweza kusimama alikuwa na mahali pake katika jiko lile. Tulipohamia kwenye kaunta ya sentimita 90 tulimtoa, na mara nyingi hatukumrudisha. Lillian Gilbreth, mhandisi wa Marekani aliyechunguza kazi za jikoni katika miaka ya 1920, alitaka kimo cha meza ya kazi kifuate mwili wa anayeitumia, na hoja hiyo bado haijazeeka. Kipande kimoja cha kaunta chenye kimo cha sentimita 75 hadi 85, kikiwa wazi chini ili magoti yaingie, kinatosha kumrudisha mpishi anayeketi. Jiko la gesi la meza likiwekwa hapo linampata.

Kuhusu jiko lenyewe, angalia swichi zake ziko wapi. Zikiwa nyuma ya mafiga, mkono lazima uvuke moto kuzifikia, na mkono mfupi huvuka ukiwa karibu zaidi na moto. Viwango vya Marekani vinakataza mpangilio huo katika jiko fikivu. Swichi ziwe mbele au pembeni. Hofu ya watoto kuzichezea ni ya kweli, na dawa yake ni swichi ya kubonyeza kwanza ndipo izunguke, si kuipeleka nyuma ya moto.

Mtungi wa gesi watu huusahau kwa kuwa unaunganishwa na kuachwa. Lakini valvu yake ndiyo inayofungwa gesi inapovuja. Mtungi uliosukumwa ndani kabisa ya kabati, nyuma ya ndoo na masufuria, una valvu ambayo hata mtu mrefu mwenye afya haifikii kwa haraka. Uwe nje, au karibu na mlango wa kabati, mahali ambapo aliyeketi anaweza kuishika bila kuingiza kichwa.

Mvutano kati ya usalama wa mtoto na upeo wa mtu mzima hauishi jikoni. Uingereza, katika nyumba mpya, kisanduku cha mein swichi huwekwa swichi zake zikiwa kati ya sentimita 135 na 145, juu ya mikono ya watoto wadogo. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini unamwacha mtu wa kiti cha magurudumu asikifikie. Kwa nyumba ambayo mtu wa namna hiyo anaishi, nisingefuata kipimo hicho. Ningeshusha kisanduku na kukiwekea mfuniko wenye kufuli. Nyumba nyingi za kwetu kimepandishwa juu ya kizingiti cha mlango, mahali ambapo hakimfai hata mtu wa wastani umeme unapopiga cheche.

Bafuni kuna shawa ya umeme yenye kiswichi cha baridi, vuguvugu na moto juu ya kichwa chake, kwenye kimo cha karibu mita mbili. Hiki ndicho kifaa kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu kinamtaka mtu aliyelowa anyooshe mkono juu ya kitu chenye umeme. Baadhi huuzwa na kijiti cha kurefusha kiswichi hadi usawa wa mkono. Kama unanunua, nunua hicho; hata wenye vimo virefu watakishukuru.

Mashine ya kufulia ina hesabu rahisi. Yenye mlango wa mbele, tundu lake liwe na ukingo wa chini kati ya sentimita 38 na 91. Yenye mfuniko wa juu, mfuniko usizidi 91. Mashine ya mlango wa mbele iliyo chini sana huinuliwa kwa kitako imara cha zege, na hapo mrefu hainami na aliyeketi anafika. Maikrowevu isiwe juu ya friji: chakula cha moto kinachoshushwa kutoka juu ya uso ni ajali iliyopangwa.

Rimoti na simu zimeondoa swali la kimo kwenye feni, kiyoyozi na taa. Lakini rimoti hupotea, betri huisha, na simu huzima, kwa hiyo kitufe cha ukutani kibaki, tena kwenye kimo chake. Kifaa kinachoendeshwa kwa simu pekee kinamfungia nje mwenye simu ya vitufe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, Kenya mwaka 2008, na mkataba huo unazungumzia ubunifu wa vitu vinavyotumika na watu wote. Lakini ndani ya nyumba binafsi anayeamua ni fundi umeme, asubuhi moja, kabla ya plasta. Swichi inayowekwa sentimita 105 hugharimu waya uleule na kazi ileile kama inayowekwa 150. Kuihamisha baadaye ni kuvunja ukuta.

Kwa hiyo wanaoishi humo wapimwe kwanza. Kila mmoja akae au asimame kama anavyofanya kila siku, anyooshe mkono bila kujikakamua, na alama ya chaki ipigwe ukutani, ya juu na ya chini. Mkaribisheni na bibi, hata kama haishi hapo. Chaki ya juu iliyo chini kuliko zote na chaki ya chini iliyo juu kuliko zote ndizo mipaka ya nyumba hiyo. Mwonyesheni fundi mistari hiyo miwili na mwambieni kila kitu cha kuguswa kikae katikati yake.