Nyumba za familia za askari: kwa nini zinajengwa wakati zenu zipo

Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma, malalamiko ya wenye nyumba wa Ihumwa, Kikombo na kwingineko ni yaleyale: mnajenga kota za askari, na sisi nyumba zetu zimekosa wapangaji.

Malalamiko tunayaelewa, ila hesabu haifanywi kwa mwezi mmoja. Nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa miaka 20, ni milioni 72. Hapo kodi ya pango haijapanda hata mara moja (Dodoma hii?), na bado nyumba inabaki kuwa yako. Kujenga kunataka fedha nyingi kwa mkupuo, na kota isiyokarabatiwa huchakaa haraka. Kwa hiyo kupanga kunafaa kwa hitaji la muda mfupi.

Uingereza walijaribu njia nyingine. Mwaka 1996 wizara yao ya ulinzi iliiuzia kampuni ya Annington nyumba zaidi ya 55,000 za familia za wanajeshi kwa takriban pauni bilioni 1.7, kisha ikageuka mpangaji humohumo, na matengenezo juu yake. Januari 2025 ilizinunua tena nyumba 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6.

Sasa wenye nia ya kupangisha kwa taasisi ya umma. Hakuna dalali wa jeshi. Narudia, hakuna. Zabuni za umma hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa umma mtandaoni; anayekuomba "hela ya kuunganishwa" ni tapeli, hata akija na gwanda.

Mkataba uwe wa maandishi na asaini mwenye hati. Kama hati bado ina jina la marehemu baba, asaini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka, yaani 36,000 kwa mfano wetu, na hulipwa ndani ya siku 30. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Mpangaji atakata kodi ya zuio (kodi inayokatwa kwenye pango kabla hujalipwa) asilimia 10 na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukipokea 270,000 hujaibiwa: dai cheti chako cha zuio, usiende kugombana na mlinzi getini.

Ukaguzi wa nyumba kabla haijapangishwa nao. Udongo wa mfinyanzi wa baadhi ya maeneo ya Dodoma huvimba masika na kusinyaa kiangazi, ndiyo maana nyufa huanzia kwenye kona za madirisha. Kuziba kwa rangi wiki ya ukaguzi hakusaidii. Plasta iliyoachia husikika ukiigonga.

Mwisho, jeshi nalo hufunga virago. Soma kipengele cha notisi kabla hujakopa benki kwa kutegemea pango hilo.