Sarafu Bandia Kwenye Mashine: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Dhana: Mashine inayopokea sarafu na kutoa bidhaa au huduma si mtu, haiwezi kutapeliwa.

Hoja hii si ya kijinga kama inavyosikika. Utapeli huhitaji mtu aliyeuamini uongo, na mashine haiamini chochote. Ndiyo maana Uingereza mwaka 1887, katika kesi ya mshtakiwa aitwaye Hands, mahakama ilipita njia nyingine. Kipande cha metali chenye ukubwa na umbo la sarafu ya peni kilitumbukizwa kwenye mashine ya sigara, sigara ikatoka. Uamuzi: huo ni wizi, kwa kuwa mwenye mashine aliridhia sigara itoke kwa peni, si kwa kipande cha metali.

Lakini usafiri au mchezo haubebeki mfukoni kama sigara, na hapo sheria ya wizi hukwama. Sheria ya udanganyifu ya Uingereza ya mwaka 2006 inatamka kwamba uongo unaweza kuambiwa hata kifaa kisicho na mtu nyuma yake, na kujipatia huduma kwa hila ni kosa linalosimama peke yake. Ujerumani inazitaja mashine waziwazi katika kifungu cha 265a cha sheria yake ya jinai: faini, au jela hadi mwaka mmoja.

Dhana: Sarafu halali ya nchi nyingine haihesabiki kuwa bandia.

Waulize Wajapani. Sarafu ya won 500 ya Korea Kusini ililingana kwa kipenyo na ya yeni 500, milimita 26.5, ila ilizidi uzito kwa nusu gramu tu na thamani yake ilikuwa kama sehemu moja ya kumi. Watu wakawa wanaitoboa au kuikwangua kidogo ipungue uzito, kisha wanailisha mashine. Mwaka 2000 Japani ililazimika kubadili madini ya sarafu yake.

New York nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipata abiria wa treni waliolipa nauli ya senti 75 kwa tokeni (vipande vya metali vya kulipia badala ya sarafu) za barabara ya kulipia ya jimbo jirani la Connecticut, zilizouzwa kwa senti 17.5. Tokeni zilikuwa halisi kabisa, huko kwao. Sheria ya jimbo la New York haiulizi kama kitu kimeghushiwa. Inauliza kama kinaingia kwenye mashine badala ya malipo yanayostahili.

Dhana: Kama mashine haikutoa kitu, hakuna kosa.

Kwa sheria hiyohiyo ya New York, kutumbukiza tu kwa nia ya kumpunja mwenye mashine kunatosha.

Dhana: Adhabu yake ni faini ndogo.

Kwa anayetumia kipande bandia kimoja, mara nyingi ndiyo. Kwa anayevitengeneza au kuviuza, sheria ya shirikisho la Marekani, kifungu cha 491, inaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja. Na akiighushi sarafu yenyewe, nembo na maandishi yake, anahamia kifungu cha 485, ambako ukomo ni miaka 15. Watu huchanganya makosa haya mawili.

Dhana: Ukikutwa na kipande cha chuma cha ukubwa wa sarafu, umekwisha.

Hapana. Fundi mwenye washa (vile vipete vya chuma vya kuweka chini ya nati) kumi mfukoni ni fundi tu. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe nia ya kudanganya, na aliyetumbukiza sarafu ya kigeni kwa kutoangalia vizuri hana nia hiyo.