Maharage ya Jumapili, milo tofauti hadi Jumatano

Sisi watu wa lishe tuna tabia moja mbaya, tunawaambia watu kuleni kunde, kuleni mboga, halafu tunaishia hapo hapo, mtu anarudi nyumbani anachemsha kabichi mpaka inalegea kama kitambaa cha deki, siku ya tatu anaapa chakula bila nyama hakiliki. Hapo lawama ni yetu pia.

Swali ninaloulizwa kila siku ni "sasa nitakuwa napika nini?" na anayeuliza anadhani anahitaji mapishi 30. Hahitaji. Anahitaji sufuria moja ya maharage na akili ya kuyageuza geuza.

Maharage mekundu makavu yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yote, weka mapya, yatokote haswa kwa nusu saa ndo upunguze moto mpaka yaive. Hiyo nusu saa sio ya ulaini tu, maharage mabichi yana sumu ya asili inaitwa lektini na moto mdogo hauiui, kwa hiyo lile sufuria la umeme la kupika taratibu usiliamini kuyachemshia kuanzia mwanzo. Chumvi tia tu mapema, eti inafanya yawe magumu ni stori, kinachoyachelewesha ni nyanya na limao, hivyo visubiri. Magadi soda yanalainisha haraka kweli ila yanaharibu vitamini B1, mi siyatumii.

Jumapili yaunge kwa nyanya na kitunguu saumu. Jumatatu yaponde, changanya na karoti iliyokwaruzwa na kitunguu, finyanga bapa ukaange. Jumanne yale baridi na limao, mafuta kidogo na hoho mbichi. Yanayobaki Jumatano saga supu, kwenye friji yanakaa siku tatu hadi nne tu. Ukiwa huna muda kabisa pika dengu, hazilowekwi na zile ndogo zinaiva ndani ya nusu saa.

Sasa turudi kwenye kabichi maana nayo inaonewa sana. Kata vipande vinene, vikaushe maji, kikaango kipate moto mpaka mafuta yatembee, panga vipande halafu weka mwiko mbali. Usiguse! Dakika tatu hivi utasikia harufu inageuka kuwa tamu tamu na kingo zimekuwa kahawia, hapo ndo geuza. Uyoga nao ni hivyo hivyo, ukiujaza kikaangoni unatoa maji unajichemsha wenyewe.

Lile limao la Jumanne lina kazi nyingine, vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, wakati chai inayazuia, so chai kunywa baadae, hata saa moja baada ya kula. Na kama huli hata mayai wala maziwa, vitamini B12 hutaipata kwenye maharage wala mboga upike vipi, hiyo tafuta vyakula vilivyoongezewa au vidonge, ongea na mhudumu wa afya akupangie kiasi.