Sayansi ya wananchi ni nini?

Sayansi ya wananchi ni utafiti unaofanywa kwa ushirikiano na watu ambao si wanasayansi kwa kazi yao. Watu hao hupima, huhesabu, hupiga picha, hukusanya sampuli, na mara nyingine swali lenyewe linatoka kwao. Usiichanganye na dodoso. Anayejibu maswali kuhusu afya yake ni mhojiwa tu. Anayepima maji ya bomba lake kwa utaratibu uliokubaliwa ni mtafiti mwenza, hata kama hana cheti chochote.

Jambo hili si geni. Hesabu ya ndege ya Krismasi huko Amerika Kaskazini ilianza mwaka 1900 ikiwa na watu 27, na hadi leo hufanyika kila mwaka. Ila kwa maoni yangu, njia hii huonyesha nguvu zake hasa tatizo linapokuwa ndani ya nyumba za watu, mahali ambapo mtafiti hawezi kuingia atakavyo.

Mfano ninaouona bora ni mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo uliacha kutumia maji ya mji wa Detroit, ukaanza kuchota maji ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia yasile mabomba. Wakazi wakalalamikia rangi, harufu na vipele; wakajibiwa kwamba maji ni salama. Mwaka 2015 wakashirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na vifurushi 300 vya chupa za sampuli vikaandaliwa. Chupa ya kwanza ilijazwa baada ya bomba kukaa saa zisizopungua 6 bila kufunguliwa, ya pili baada ya maji kutiririka sekunde 45, ya tatu baada ya dakika 2. Mpangilio huo ulikuwa na sababu yake: maji yaliyolala bombani huonyesha madini ya risasi yanayotoka kwenye mabomba ya ndani ya nyumba, na yanayofuata hutoka mbali zaidi, kuelekea bomba la barabarani. Risasi ilikutwa. Vipimo vya damu ya watoto vikaunga mkono, na Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Wingi wa macho nao una kazi yake. Mei 2018, katika jimbo la Flanders nchini Ubelgiji, kaya zipatazo 20,000 zilitundika vipimo vidogo nje ya madirisha yao ili kupima nitrojeni dioksidi, gesi inayotoka kwa wingi kwenye magari. Vituo rasmi vya kupimia hewa ni vichache mno kuweza kuonyesha tofauti kati ya mtaa mmoja na wa pili. Ikadhihirika kwamba mitaa myembamba iliyobanwa na majengo pande zote mbili huhifadhi moshi, hata kama mtaa wa jirani una hewa nzuri.

Je, vipimo vya mtu asiyesomea vinaaminika? Vinaaminika pale mradi ulipojiandaa kwa makosa tangu mwanzo. Katika mradi wa Mosquito Alert wa Hispania, picha ya mbu iliyotumwa na mwananchi hukaguliwa na wataalamu kadhaa, kila mmoja peke yake. Kwa njia hiyo, mwaka 2018 picha ya mtu wa kawaida ilifichua mbu aina ya Aedes japonicus ambaye hakuwa amewahi kuripotiwa nchini humo.

Kuna kasoro ambayo ukaguzi wa picha hauiondoi: watu hupima pale wanapoishi na pale wanapopata nafasi. Eneo lisilo na taarifa kwenye ramani huenda lina mbu tele, ila wakazi wake hawana simu za kisasa au hawakusikia habari za mradi. Ndiyo maana watafiti makini huhesabu pia ni watu wangapi walikuwa wakitazama, na kwa muda gani, kabla ya kutangaza kwamba mahali fulani hakuna kitu.